Mkwe Darini

Niseme mapema, mtu asije akanidhania makuu: umeme siujui. Sikuujua wakati ule na siujui hata leo. Sifa ya kuujua niliipata kwa sababu ya redio ya nyanya yangu, ambayo siku moja nikiwa kijana niliipiga kofi mgongoni kwa hasira, nayo ikaanza kuimba. Basi siku tulipopeleka mbuzi wa mahari kule Vuhovi, baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, aliona sifa zangu zimekwisha haraka na pombe ya ndizi bado imejaa mtungini. Akasimama tena, akarekebisha koti, akasema mbele ya wakwe wote: "Na zaidi ya hayo yote, huyu kijana anajua courant."

Kule Vuhovi wakati ule hakukuwa na umeme hata wa dawa. Watu wakapiga makofi. Mama wa binti, aliyekaa nyuma ya wamama wenzake, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Mimi nikanyamaza, maana mtu anayepewa mke hakatai sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema. Mimi nilikuwa mgema asiyejua hata kupanda mchikichi.

Miaka ikapita. Tukaishi Butembo, nikiuza vitenge sokoni, umeme wala hakuna aliyeniuliza. Halafu vita vikaja, vikaondoka, vikarudi vikiwa vimevaa nguo nyingine, na siku moja asubuhi mama mkwe wangu akaingia uani kwetu na furushi kichwani na jembe mkononi. Wenye silaha walikuwa wamefika kijijini kwake, wakawamulika watu kwa torche usoni, wakamwaga petroli juu ya nyumba. Yeye alipitia shambani. Majirani zake si wote waliopitia shambani. Hayo aliyasema mara moja tu, akaomba maji ya kunawa miguu, hakuyarudia.

Mke wangu alilia siku nzima. Mimi nilifurahi kwamba yu mzima, nilifurahi kweli, halafu jioni nikakumbuka kwamba sasa nitaishi nyumba moja na mama mkwe, nikaishiwa nguvu.

Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Humshiki mkono. Humtazami usoni. Ukiwa na neno unampa mke wako alipeleke. Na chumba anacholala huingii, kwa sababu kitanda cha mama mkwe hakitakiwi kuonwa na macho ya mkwe, basi, hakuna mjadala. Nyumba yetu ilikuwa na sebule na vyumba viwili, na njia moja ya kwenda chooni. Kabla ya kutoka nje nilikohoa ili ajifiche. Nikirudi nikakohoa tena. Nilikohoa hata jirani akaniletea majani ya kuchemsha kwa ajili ya kifua.

Ili kumpokea vizuri nilipaka chumba chake rangi mwenyewe, kabla kitanda hakijaingia. Nilitumia rangi nyeupe ya mafuta, ile nzito. Nikapaka kuta, nikapaka dari la triplex, ule ubao mwembamba, na kwa kuwa sikutaka kuacha sehemu, nikapaka hata pembeni mwa lile bakuli la kioo linalofunika taa. Nilisimama chini nikajipongeza. Kumbe nilikuwa nimelibandika bakuli juu ya dari kama mtu anayefunga barua.

Umeme tuliupata kwa jirani yetu, mfanyabiashara mwenye groupe, ile mashine ya kutoa umeme. Aliiwasha giza likiingia, nyaya zikafikisha umeme nyumba za karibu, na baada ya habari za redio akaizima. Kwa mama mkwe muda ule ulitosha. Alilala taa ikiwaka; usingizi ukishamkamata, groupe ikazimwa, hakujua. Wiki za kwanza zikaenda hivyo. Halafu jioni moja ampoule, balbu ya chumba chake, ikapiga mwanga mkubwa, ikafa.

Mke wangu akampelekea taa ya petroli. Mama akainusa tu, akatoka nje mbio, akatapika karibu na migomba. Akampelekea bougie, yaani mshumaa. Mama akasema, "Bougie ni ya kulinda maiti, miye bado sijakufa." Akampelekea torche. Hiyo aliifunika kwa kanga, akairudisha, na sote tulijua sababu. Basi akawa anakaa gizani, macho wazi. Usiku, kupitia ukuta, nilimsikia akiuliza polepole, "Nani eko?" Mke wangu alikuwa mtu wa usingizi mzito, au ndivyo nilivyodhani. Mimi nilikuwa macho, lakini mkwe hamjibu mama mkwe huku mkwe mwenyewe amelala kitandani, tena bila shati. Nilinyamaza kwa heshima. Niliona naifanya heshima kwelikweli.

Ampoule mpya nilinunua kesho yake. Mke wangu akapanda juu ya meza, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akalizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halikuenda popote.

"Iko imekamatana na rangi," akaniambia akishuka. "Weye ndjo ulipaka, weye ndjo utaitosha." Yaani mimi ndiye wa kulitoa.

"Mais mule siwezi kuingia. Kitanda ya Mama iko mule."

"Donc?"

Donc yake ilimaanisha: basi itakuwaje? Nikasema nitamwita fundi aliyetuvutia nyaya. Fundi alikuwa amekwenda kwao Beni, huko Mulekera, kumzika shangazi yake, na barabara ilikuwa imefungwa nyuma yake. Mafundi wengine walikuwapo mjini, kusema ukweli. Lakini mama mkwe alikuwa amemwambia binti yake, nami nilisikia nikiwa nyuma ya mlango, "Musiteseke kutafuta mutu. Mukwe wangu anajua courant." Sasa wewe niambie, ningemleta fundi wa kulipwa aingie uani akiwa na mkoba wake, mama mkwe akimwona?

Ijumaa mama akatangaza kwamba Lundi, yaani Jumatatu, anarudi Vuhovi. Kulikuwa na wamama waliopanga kwenda kuvuna maharage yao kabla hayajaoza, naye angetembea nao. "Kule niko na moto," alisema. "Moto inalala na mutu. Hapa niko peke yangu mu giza." Tulimwambia njia si salama. Akasema hata hapa halali, na mtu asiyelala amekwisha kufa nusu.

Usiku ule mke wangu alikaa pembeni mwa kitanda, hakulia safari hii, jambo lililonitisha zaidi.

"Mama akirudia kule," akasema, "na kitu ikimupata, miye hapana kukusamehe. Nakuambia mapema."

Alisema bila hasira, na nilijua ni kweli. Niliogopa. Nilimwogopea mama, nilimpenda yule mzee kwa namna yetu ile ya kukimbiana, na nikaiogopea nyumba yangu. Jumamosi yote sokoni nilikata vitenge kombo nikiwaza bakuli.

Na hapo akili yangu, ambayo Mungu alinipa siku akiwa na haraka, ikazaa mpango. Miaka ile kila nyumba ya Butembo ilificha mali yake darini, maana waporaji walitazama chini ya kitanda kwanza. Mimi pia nilikuwa na mafurushi yangu ya vitenge huko juu. Tundu la kupandia lilikuwa katika chumba chetu, na dari lilikuwa moja kwa nyumba nzima. Nikajiambia: mtu aliye darini hayuko chumbani. Nitatambaa juu ya mbao mpaka juu ya chumba cha mama, nitalegeza taa kwa upande wa nyuma, mke wangu ataipokea chini. Macho yangu hayataona kitanda, heshima itabaki nzima, taa itawaka, na sifa ya courant itaendelea kuishi. Nilijiona mwerevu mpaka nikacheka peke yangu.

Jumapili mama na mke wangu wakaenda misa. Mimi nikasema nina homa. Mara tu walipopotea kwenye kona, nikavaa kaptula yangu ya zamani ya shule, iliyokuwa imebaki na kitako cha kubahatisha, nikapanda.

Huko juu kulikuwa na joto, vumbi na mavi ya panya. Nilitambaa nikikanyaga mbao tu, maana triplex haibebi mtu, hilo hata mimi nilijua. Nilifika vizuri. Nikaziona nyaya za taa, nikazitazama, zikanitazama. Sikujua hata moja inafanya kazi gani. Niligusa kidogo hapa, nikavuta kidogo pale, nikafuta jasho.

Ndipo mlango wa nje ukalia.

Kumbe watu walikuwa wamesikia mlio wa risasi upande wa kilima, padri akafupisha mahubiri, kama ilivyokuwa kawaida miaka ile. Mke wangu alibaki kidogo na wamama wa kwaya. Mama mkwe alirudi peke yake. Nikasikia kandambili zake sebuleni, zikaja, zikaingia chumbani, zikasimama chini yangu kabisa. Kuingia chumbani mwa mama mkwe ni mwiko. Kukaa juu ya kichwa chake, darini, na kaptula ya namna ile, jambo hilo wazee hawakuliwekea hata jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mpumbavu kiasi hicho.

Nilibana pumzi. Chini, mama alikuwa anafunga furushi lake. Akaanza kusema, kwa Kinande, lugha yetu, kile cha wazee, polepole, na mara nikaelewa kwamba anazungumza na marehemu mume wake, kama watu wanavyofanya wakidhani wako peke yao.

"Kesho naja huko kwetu," alisema. "Hapa wananilisha vizuri. Mtoto wako ana moyo. Mkwe ananiogopa kama chui, anakohoa mpaka namhurumia. Ila usiku nikiuliza ni nani yuko, hakuna anayenijibu. Nyumba imejaa watu na hakuna anayenijibu. Bora niulize kule, nijue kwamba kweli hakuna mtu."

Kila usiku nilikuwa macho. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu na nililimeza kwa heshima, nikijisifu.

Nikataka kurudi nyuma, nishuke, nifikiri. Lakini nyuma yangu kulikuwa na furushi langu la vitenge, limelala juu ya ubao ambao mguu wangu uliutafuta. Mguu ukalisukuma, ukateleza, ukakanyaga triplex. Vitenge nilivyookoa kwa waporaji wote ndivyo vilivyoniangusha. Dari likalia kraa! Mguu wangu wa kulia ukatokea chumbani mwa mama mkwe, wote, mpaka paja.

"Bameingia!" mama akapiga kelele. "Bameingia!"

Sauti ile sijaisahau. Hapo hapakuwa na kichekesho. Niliisikia pumzi yake chini, fupi fupi, na nikatambua ni kitu gani nimemfanyia mwanamke aliyetoka kule alikotoka.

"Mama!" nikaita. "Mama, usiogope! Ni miye! Ni mukwe wako!"

Vumbi lilikuwa linaanguka.

"Mukwe wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Weye uko yulu?"

"Niko, Mama. Niko yulu."

"Unafanya nini kule yulu?"

Nilitafuta neno. Lilikuwapo moja tu.

"Courant, Mama."

Halafu nikasikia kitu ambacho tangu afike Butembo hatukuwahi kukisikia. Alianza kwa kukohoa, nikadhani analia. Kisha kicheko kikamtoka chote, kile cha wamama wakiwa shambani bila wanaume, akacheka mpaka akaketi. Akajaribu kunyamaza, akatazama mguu, akaanza upya. Nami huko juu, nimening'inia, paja nje, triplex ikinichoma, nikacheka pia, sikuweza kujizuia.

Akakumbuka heshima. Akageuza uso ukutani, akachukua kitenge chake, akauzungushia mguu wangu huku ananyoosha mikono kwa nyuma, akaufunga vizuri, hata kidole chake kimoja hakikunigusa. Kisha akasukuma meza mpaka chini ya unyayo. "Kanyanga," akasema. "Pole pole. Iko meza."

Mke wangu alipoingia alikuta hivyo: mama yake amesimama akitazama ukuta, na katikati ya chumba mguu mmoja umeshuka kutoka mbinguni umevaa kitenge cha maua. Akatazama kimoja, akatazama kingine. "Ee Mungu wangu," akasema, akaketi chini palepale mlangoni.

Nilijivuta nikarudi kwa njia niliyojia, nikavaa suruali, nikaketi nyuma ya nyumba, nimeinamisha kichwa, nikingoja hukumu. Sauti ya mama ikanifikia kutoka sebuleni. Aliisema kwa binti yake, lakini kwa nguvu ya kutosha kunifikia.

"Sasa, juu ya nini hamukutosha kitanda inje? Chumba bila kitanda ni chumba tu. Angeingia kwa mulango kama batu."

Watu wazima wawili, siku tatu hatukulala, na kitanda chenyewe kilikuwa cha mbao nyepesi, mtu mmoja angeweza kukibeba.

Wakakitoa wao wawili, wakakiweka uani kwenye jua na nguo zake zote. Mimi nikaingia kwa mlango kama watu. Nikapanda meza, nikajiandaa kwa vita, nikalishika bakuli. Likatoka. Nililigusa tu, likashuka mkononi mwangu laini kabisa, maana mguu wangu ulipopita ulitikisa dari lote na ile rangi ya mafuta ikapasuka. Ndani mlikuwa na nzi wakavu na ampoule nyeusi. Nikaifungua, nikaweka mpya. Kazi yangu yote ya umeme katika maisha haya ni hiyo.

Jioni groupe ya jirani ikaanza kunguruma, na chumba cha mama kikawaka. Kupitia tundu la mguu wangu mwanga ulipanda darini ukashuka kwetu kwenye nyufa. Furushi lake hakulifungua. Nililiona mlangoni, limefungwa vizuri, jembe juu yake. Mke wangu naye aliliona.

Redio ikamaliza habari, jirani akazima. Giza likatushika wote. Nikalala chali nikisikiliza. Kitambo kidogo, na kupitia tundu sauti ikaja, wazi kuliko siku zote:

"Nani eko?"

Nilikaa kitako. Nikavaa shati kwanza, sicheki, nililivaa, hata vifungo. Kisha nikasema, "Niko, Mama."

"Uko yulu?"

"Hapana, Mama. Leo niko chini."

Akacheka kidogo. Baadaye nikasikia usingizi wake.

Lundi, kabla ya jua, wamama wakampitia. Nilimsikia uani akiwaambia, "Muende na Mungu. Miye nyumba ya mukwe imetoboka, siwezi kuacha batoto mu nyumba yenye tundu." Akawapa chumvi ya njiani. Wamama wale walirudi siku ya pili bila maharage, na si wote waliorudi. Mama alikaa jikoni mchana kutwa. Mke wangu naye hakuniambia kwamba amenisamehe wala kwamba hajanisamehe. Alikuja tu akasimama nyuma yangu akaweka mkono shingoni mwangu, akauacha hapo.

Tundu sikuliziba. Kila usiku aliuliza, kila usiku nilijibu, nimevaa shati. Mchana tuliendelea kukimbiana kama kawaida, nami nikaendelea kukohoa. Hata siku ampoule ile ilipoungua, hakuna aliyekumbuka kununua nyingine kwa muda mrefu.

Alirudi kwao njia ilipotulia, akiwa na jembe lake na mbegu za soko la Butembo. Akaniaga kwa mbali, akitazama miti, akasema "Wasingya, mukwe wangu," asante, nami nikaitazama miti hiyo hiyo, nikakohoa.

Usiku ule jirani alizima groupe yake. Nikalala chali na shati langu. Nikangoja. Nilijua hakuna mtu, mimi si mwehu, lakini nilingoja. Mwishowe nikasema, polepole sana, kuelekea darini:

"Nani eko?"

Pembeni yangu, mke wangu wa usingizi mzito, akiwa macho kabisa, akajibu:

"Niko. Vua shati sasa, fundi wa courant, ulale."